Moto wa Faustin

Kijiji kizima cha Kingi kilikuwa na dawa ya pua ya Emérita. Mmoja alisema atiwe majani machungu ya kando ya mto, yapondwe na kusokomezwa ndani ya tundu. Mwingine alisema amwagiwe maji baridi kisogoni. Mzee Kanyamibwa, ambaye maishani mwake hajawahi kuogesha mtoto hata mmoja, alisema alazwe na jembe mgongoni, tena jembe jipya, maana jembe kuukuu halina nguvu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mtu alitoa dawa yake, akaenda zake kupalilia muhogo wake, na Adelaïde, mama yake Emérita, akabaki na mtoto, na jembe, na damu.

Emérita alikuwa na miaka minne. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na kiangazi kile cha mwaka wa sitini na saba damu ilikuwa ikimtoka puani bila kubisha hodi. Anacheza na watoto wa shangazi yake, damu. Anakula maharagwe, damu. Mara nyingi ilikuwa asubuhi: Adelaïde anaamka, anakuta mkeka umelowa upande wa kichwani na mtoto amekaa akishangaa mikono yake. Mwanzoni yalikuwa matone tu, na Emérita aliyafanya mchezo, akijichora nayo magotini. Yalipozidi aliacha kuchora.

Dawa za watu Adelaïde angeweza kuzivumilia. Kilichomchoma ni maneno yaliyofuata, yale ambayo watu huyasema wakiwa wameshageuza mgongo lakini bado hawajafika mbali.

"Damu ya baba yake njo inamuita," walisema. "Mutoto hawezi kutoka damu bure. Faustin alikufa, anatafuta mutoto yake."

Faustin alikuwa mumewe. Aliondoka Kingi mwanzoni mwa mwaka wa sitini na nne, mfuko wa maharagwe kichwani, pamoja na rafiki yake Callixte, wakateremka hadi Ntoto, kule Walikale kwenye msitu. Haikuwa safari ya ajabu. Wanaume wa milimani waliteremsha maharagwe na kupandisha mawese tangu enzi za babu zao, wakirudi na harufu ya moshi na hadithi za uongo. Emérita alikuwa anatambaa. Faustin alimnyanyua, akamnusa shingoni, akamweka chini, akasema atarudi kabla mtoto hajajua kutembea. Kisha waasi wakaja, askari wakaja nyuma yao, njia zikafungwa. Emérita akajua kutembea, akajua kukimbia, akajua kutukana, na baba yake hajarudi.

Callixte alirudi. Alisema alimwacha Faustin Ntoto, amelala na homa katika nyumba ya mwenyeji wao, yeye mwenyewe akaenda kijiji cha pili kutafuta watu wa kumbeba. Aliporudi nyumba ilikuwa tupu. Kijiji kizima kilikuwa kimekimbilia msituni, na chungu bado kina chakula. Maiti hakuona, kaburi hakuona. Hiyo ndiyo habari yote aliyokuwa nayo Adelaïde, na kwa miaka mitatu aliitafuna kama muwa uliokwisha utamu.

Habari hiyo, na moto.

Hapa ni lazima nieleze, maana si kila mlima una desturi hii, na labda ni ukoo wa Nzabandora peke yake, ukoo wa Faustin, ulioishika kwa ukaidi namna ile. Mwanamume wao akisafiri, mkewe huwasha moto katikati ya nyumba, penye mafiga, siku ile ile anayoondoka, na moto huo haulali. Mchana unapikiwa, usiku unalishwa gogo. Aliye njiani, kwenye baridi na mvua, anajua kuna moto unaomngoja. Akirudi anauzima mwenyewe, kwa maji aliyonawia miguu. Mke hauzimi. Mke akiuzima kwa mkono wake, amesema mbele ya watu kwamba hamngoji tena, na wanawake wa mlimani wanakuja na mafungu ya majani, wanayatandaza uani, wanakaa naye kumlilia marehemu.

Mama mkwe wake, Mama Mukandayisenga, aliishi mlima wa ng'ambo, kijito kikiwa katikati. Kila asubuhi alitoka nje, akaweka mkono juu ya macho, akatafuta moshi unaochujika katika paa la nyasi la mkwewe. Akishauona alikohoa kidogo, akaanza siku yake. Yeye mwenyewe, alipokuwa bibi arusi, mume wake alichukuliwa kubeba mizigo ya Wazungu katika vita vyao vya kwanza, akapotea hadi watu wakasahau sura yake. Mukandayisenga alitunza moto. Na mume akarudi, miguu myembamba, meno nusu, akauzima moto wake kwa maji ya kunawa miguu, akazaa watoto, na wa mwisho wao alikuwa Faustin. Basi nenda ukamwambie mwanamke kama huyo kwamba subira haivuti heri. Yeye aliivuta mpaka mlangoni.

Ni yeye aliyetaka Emérita alale kando ya moto. "Baba yake akifungua mulango," alisema, "amuone huyu wa kwanza."

Adelaïde hakubisha, kwa sababu na yeye alipenda kuiona picha hiyo. Alikuwa ameipanga yote: Faustin ataingia mlangoni, naye ni mrefu na hakuwahi kukumbuka ile boriti ya juu, atajigonga, atalaani, kisha atamwona mtoto kwenye mwanga wa moto na kunyamaza. Alijua atakapokaa. Alijua atalalamika chakula hakina chumvi. Alimtamani, na hakuna namna nyingine ya kulisema. Alitamani hata koroma lake, ambalo zamani alikuwa akilizima kwa kiwiko. Jioni, akisukuma gogo kwenye makaa, alikuwa akitengeneza kitanda cha mtu.

Siku iliyovunja mambo, walikuwa uani wakipura maharagwe. Mama Mukandayisenga alikuwa amekuja kusaidia, na zaidi kusimamia. Damu ya Emérita ilianza, ikaja kwa nguvu kuliko siku zote. Bibi akamvuta mtoto mapajani, akakilaza kichwa chake nyuma.

"Angalia juu, mujukuu wangu. Angalia mbinguni."

Mtoto aliangalia mbinguni na kumeza. Akameza, akameza, macho yamemtoka. Kisha akainuka ghafla na kutapika damu nyeusi, mabonge mabonge, juu ya maharagwe meupe. Wanawake wakapiga kelele. Mama Mukandayisenga peke yake hakupiga kelele. Adelaïde alimwona midomo inacheza, akajua anataja jina la mwanawe, na namna alivyolitaja, kama anayemsihi mtu aache, haikumpendeza.

Alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya dispensere, zahanati ya mapadri, bila hata kunawa mikono.

Pale dispensere alikuwapo infirmier, yaani muuguzi, aitwaye Isidore, mtu mnene wa kutoka Mushaki, asiyependa kelele wala watu wa kuchelewa. Damu ilikuwa imeanza tena njiani, na Adelaïde alifika ameshika kidevu cha mtoto amekielekeza juu.

"Nani alikufundisha vile?" aliuliza Isidore. "Unataka anywe damu yake sawa maziwa? Muikalishe. Kichwa mbele. Mbele, Mama, sawa muntu anaangalia vidole vya miguu."

Alimshika Emérita pua kwa vidole viwili, chini ya mfupa, pale penye nyama laini, akabana. "Hapa. Hapana juu ku mufupa, mufupa hautoke damu. Weye, mutoto, pumua na kinywa. Sasa Mama, kamata weye. Sali makumi mawili ya rozari, pole pole, na usichungulie."

"Na nikichungulia?"

"Unaanza tena ku mwanzo. Na Mungu hatahesabu zile za kwanza."

Adelaïde alibana, akasali. Alipoachia, damu ilikuwa imekoma. Kiangazi kizima cha majani, jembe na maji ya kisogoni, na kumbe vidole viwili vilitosha. Isidore alikagua fizi za mtoto, akamwangalia ngozi ya miguu na ya tumbo, akauliza kama kuna mtu mwingine katika ukoo anayetokwa damu hovyo, akasema haoni ugonjwa mbaya. Kisha akachukua tochi, akamulika ndani ya pua.

"Kumekauka kabisa," alisema. "Kumepasuka pasuka. Analala wapi?"

"Mu nyumba."

"Mu nyumba wapi?"

"Pembeni ya moto."

"Na moto inawaka usiku yote?"

Adelaïde alikubali kwa kichwa.

"Basi njo hiyo. Moshi na joto vinamukausha pua, akijikuna kidogo, inapasuka. Umukate makucha. Umupake samli mu pua asubuhi na jioni. Na moto uizime mukisha kula."

"Haiwezekani, Muganga."

"Juu ya nini haiwezekani?"

Adelaïde aliangalia sakafu. "Ni moto ya mume wangu," alisema. "Iko safarini."

Isidore alikuwa mtu wa milima ile ile. Huenda aliwahi kusikia, huenda alibahatisha. Alizima tochi, akaifuta kwenye shati lake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa kali tena, "mume yako miye simujue. Najua pua ya huyu mutoto."

Alipokuwa anaondoka, Adelaïde aligeuka mlangoni akauliza lile alilokuja nalo moyoni. "Kwa hiyo haiko baba yake anamuita?"

"Nani alisema vile? Hapana. Ni moshi tu."

Ni moshi tu! Aliondoka pale mwepesi kama aliyetuliwa gunia. Kama Faustin hamwiti mtoto, basi hakufa. Labda yuko huko Walikale ndani kabisa, amezuiliwa, amepata mguu mbaya, anangoja njia. Alimwimbia Emérita njia nzima. Alimchekea Kanyamibwa waliyekutana naye akichunga mbuzi. Furaha hiyo ilimfikisha mpaka kwenye kijito, na pale, akiwa amesimama juu ya gogo la kuvukia, aliona moshi wa nyumba yake juu ya kilima, umesimama wima bila upepo, na akaelewa alichoambiwa. Faustin hakuwa akimwita mtoto. Ila moto wa Faustin ndio uliokuwa ukimpasua pua.

Alijaribu yote ambayo mtu hujaribu ili asichague. Alihamisha mkeka mpaka ukutani, lakini nyumba ilikuwa moja, ya mviringo, na moshi haujui ukuta. Alimkata makucha, akampaka samli. Damu ilipotoka aliibana kwa rozari na ilikoma kila mara, na kesho yake au kesho kutwa ilirudi. Alimwomba mama mkwe ruhusa ya kuuhamishia moto nje, chini ya kibanda. Mama Mukandayisenga alimtazama kana kwamba ameomba ruhusa ya kulima kanisani.

"Moto ya safari haikae inje sawa imbwa," alisema.

Ndipo Euphrasie, wifi yake, dada yake Faustin, aliyekaa chini kidogo ya mteremko, akasema mtoto aende kulala kwake. Euphrasie alikuwa na jiko la pembeni, na nyumba yake ya kulala haikuwa na moshi. Adelaïde mwenyewe hakuweza kwenda. Nani angelisha moto? Alimpeleka Emérita na kablanketi kake, akasema ni kwa siku chache.

Damu ikakoma. Kwa kweli ikakoma kabisa. Mashavu ya Emérita yakarudi, akawa anakuja mchana kumtembelea mama yake kama mgeni, anakula, anasimulia habari za "kwetu", na kwetu alimaanisha kwa Euphrasie. Jua likishuka alichukuliwa. Adelaïde alibaki na mafiga matatu na gogo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hawakupita nyumba hii. Hapa asiyekuwapo ndiye aliyekuwa na nyumba nzima, na aliyekuwapo alilala kwa watu.

Siku moja walikuwa wakivuna maharagwe ya mwisho, wanawake wote pamoja, na Emérita alijikwaa kwenye bua. Alilia, "Mama!" akakimbia. Adelaïde alishatupa kapu, ameshafungua mikono. Mtoto alimpita, akaenda kujificha kwenye kitenge cha Euphrasie.

Euphrasie aliona aibu. "Amekosea tu," alisema.

"Najua," alisema Adelaïde, akaokota maharagwe yake. Yalikuwa machache, lakini aliyaokota muda mrefu, ili asiinue uso.

Jioni ile alimchukua mtoto, alale nyumbani hata mara moja tu. Wakalala wamebanana, mbali na moto kadiri nyumba ilivyoruhusu. Adelaïde hakulala vizuri, kwa raha ya kusikia mtu mwingine anapumua. Asubuhi aliamshwa na unyevu begani mwake. Damu ilikuwa imelowesha kifua cha mtoto na nguo yake yeye.

Akamkalisha, akamwinamisha mbele, akabana, akaanza Salamu Maria. Nje kulishakucha, jogoo wa Euphrasie alikuwa anajisifu. Emérita alikaa kimya kama alivyofundishwa, akipumua kwa kinywa. Walikuwa kwenye kumi la pili alipoongea, sauti imebanwa puani.

"Mama, Papa akikuya, njo nitarudia kulala na weye?"

Adelaïde alipoteza hesabu ya sala. Aliendelea kubana bila kusali, akitazama kichwa cha mtoto, zile nywele za kisogoni zilizoota kama za baba yake, zikizunguka upande wa kushoto. Aliona miaka imepangwa mbele yake: mtoto anakua chini ya mteremko, anakuja mchana, anaondoka jua likishuka, na yeye anasukuma gogo. Alimpenda Faustin. Alimpenda kiasi cha kumkasirikia kwa kuwa mbali na asijue hata jambo dogo kama hili, kwamba binti yake ana pua nyepesi.

Damu ilipokoma alimnawisha uso, akampaka samli. Kisha akachukua mtungi wa maji, maji yote yaliyokuwa yamebaki, akayamimina juu ya moto.

Ulilia sana. Majivu yaliruka mpaka kwenye boriti, mvuke ukajaa, mama na mwana wakatoka nje wakikohoa. Aliporudi ndani alitenganisha magogo, akayabeba moja moja uani, akayaegemeza kwenye ua. Nyumba ilinuka majivu mabichi. Moshi wa mwisho ulichujika nyasini, ukawa mwembamba, ukaisha.

Ng'ambo ya kijito, Mama Mukandayisenga alikuwa ametoka nje, mkono juu ya macho.

Alisimama hivyo muda mrefu. Adelaïde alimwona wazi, kitambaa chake cheupe kichwani. Kisha bibi akaingia ndani kwake, na alipotoka alikuwa amebeba kitu kwa mikono miwili mbele ya kifua, akaanza kuteremka. Adelaïde alielewa ni nini. Moto wa safari ukizimika kwa bahati mbaya, kwa usingizi au kwa mvua, mama wa msafiri ndiye peke yake anayeweza kuurudisha, kwa kaa la mafiga yake mwenyewe. Mama Mukandayisenga alikuwa anamletea moto.

Ilikuwa mwendo mrefu kwa miguu yake. Alishuka upande mmoja, akavuka gogo bila mkono wa kujishikia, akaupanda mlima akisimama kupuliza kaa na kupumua, kupuliza na kupumua. Watu waliokuwa mashambani waliacha majembe. Habari ilishasambaa; paa la Adelaïde lilikuwa halina moshi, na mwenye macho haambiwi tazama. Huku na huku wanawake walianza kukata majani.

Bibi alifika uani ameloa jasho. Kaa lilikuwa kwenye kigae, limefunikwa majivu, jekundu kwa ndani.

"Ulilala," alisema. "Haiko kitu. Usingizi inashika bantu bote. Nimeleta ingine."

"Sikulala, Mama," alisema Adelaïde. "Niliizima."

"Upepo njo ilizima."

"Ni miye. Na maji."

Mama Mukandayisenga alimtazama, kisha akayatazama magogo yaliyoegemezwa kwenye ua, yakidondosha maji meusi.

"Njo kusema mutoto yangu alikufa," alisema.

"Sijue, Mama."

"Unajua. Muke akizima, anajua."

"Sijue!" Adelaïde hakuwahi kumpandishia sauti mama mkwe wake tangu aolewe. "Namungoja leo, na kesho nitamungoja. Akikuya na mu giza nitamusikia, kwani simujue vile anatembea? Lakini moto yake inapasua mutoto yake. Nilimuondosha mutoto mu nyumba juu ya moto, Mama. Sasa akianguka anaita Euphrasie mama. Nimechoka kulala na majivu."

"Sogea," alisema bibi.

Akapiga hatua kwenda mlangoni. Adelaïde alisimama mbele ya mlango. Mwanamke hamzibii mama mkwe njia, kwetu hilo ni jambo la kusimuliwa hadi wajukuu. Lakini alisimama, mikono imeshika miimo yote miwili. Walikuwa karibu kiasi kwamba moshi wa lile kaa ulipita kati yao. Kigae kilikuwa kimeshika moto chini, na vidole vya bibi vilikuwa vinaungua, na hakukiachia.

Ndipo Emérita alipotoka nyuma ya mama yake kumwamkia bibi. Alifika chini ya kile kigae, moshi ukampiga usoni. Hakulia. Alirudi nyuma hatua mbili, akachuchumaa, akainamisha kichwa kuelekea vidole vya miguu, akajibana pua kwa mikono yote miwili, akaanza kupumua kwa kinywa. Damu haikuwa imetoka. Alikuwa anaingoja tu.

Mama Mukandayisenga alimtazama. Mtoto alikuwa ametulia kabisa, kama mtu mzima aliyezoea mvua na kujua mahali pa kujikinga.

"Nani alimufundisha hivi?" aliuliza bibi, polepole.

"Muganga."

"Na anafanya hivi kila siku?"

"Kila mara akiona moshi, Mama."

Bibi aligeuka, akaenda katikati ya uwanja, akainama kwa taabu, akaweka kigae chini. Hakulimwagia kaa maji. Alisimama akiliangalia, na Adelaïde akaja kusimama kando yake, na kaa likawa la kijivu upande mmoja, kisha upande wa pili. Vidole vya bibi vilikuwa vimevimba. Adelaïde alivichukua, akavipaka samli ile ile ya pua, na bibi akamwacha avipake.

Kisha Mama Mukandayisenga akajiondoa, akatembea mpaka mwisho wa uwanja, kule ambako mlima unaanguka kuelekea magharibi, kuelekea Walikale. Akaweka mikono kando ya kinywa.

"Faustiiin!"

Ilikuwa sauti ya kuitia mtu kutoka mlima hadi mlima, sauti aliyomwitia zamani alipochelewa na ng'ombe na chakula kinapoa. Hakuita kama anayemlilia mtu. Aliita kama aliyekasirika kidogo. Machozi yalikuwa yanamshuka, lakini sauti haikutikisika. Adelaïde alikwenda kusimama naye, na yeye akaita, na jina lile, ambalo kwa miaka mitatu alilisema mbele ya moto tu na kwa sauti ya chini, lilimtoka kwa nguvu hadi koo likamuuma.

Emérita aliachia pua. Alikuja mbio, akajipenyeza kati yao. "Papa!" aliita. "Papaaa!" Kisha akainua mkono kuwanyamazisha, akasikiliza.

"Juu ya nini hajibu?"

"Iko mbali," alisema Adelaïde.

Emérita aliwaza. "Basi tumuite tena."

Wakaita tena. Wanawake wa mlimani walikuwa wamefika kwenye kona ya njia, mafungu ya majani kichwani, tayari kwa kilio. Wakasimama pale, hawajui kama waingie au warudi, maana hakuna aliyewahi kuona mwanamke amezima moto na bado anaita. Euphrasie ndiye aliyetua majani yake kwanza, pembeni ya njia, akapita mbele ya wenzake mikono mitupu, akaenda kumwita kaka yake.